Kazi Kulea Mwana: Miaka ya Ulezi katika Sheria za Pensheni, Butembo na Beni, 1956–2022

1.0 Utangulizi

Methali ya Waswahili yasema: "Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana." Aghalabu methali hii hufafanuliwa kuwa ni onyo kwa wazazi wapya, kwamba taabu ya kuzaa ni ndogo ikilinganishwa na taabu ya kukuza. Hata hivyo, neno lenye uzito ndani yake ni lile la kazi. Wahenga waliliweka neno hilo upande wa ulezi bila ya kusita.

Kiswahili cha mashariki ya Kongo, kwa upande wake, kina kitenzi kutumika, ambacho katika mazungumzo ya kila siku humaanisha kufanya kazi ya mshahara. Mwanamume wa Butembo au Beni akiulizwa kama mke wake anatumika, na ikiwa mke huyo hulima asubuhi, hupika, hulea watoto watano na kumuuguza mama mkwe aliyepooza, jibu litakuwa kwamba hatumiki, yuko nyumbani tu. Kwa hiyo lugha moja imebeba hukumu mbili juu ya jambo moja: methali yauita ulezi kazi, na kitenzi cha kila siku chauondoa katika kazi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sheria za pensheni zilizotumika Kongo tangu mwaka 1956 zilifuata hukumu ya kitenzi wala si ya methali. Haki ya malipo ya uzeeni ilijengwa juu ya miezi ya mshahara. Miaka ambayo mtu aliitumia kulea watoto au kumtunza ndugu mwenye ulemavu ilihesabika kuwa ni pengo, na pengo hilo lilimfuata mlezi hadi uzeeni. Maeneo ya Butembo na Beni yamechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, hapa ajira ya mshahara ilikuwa ya watu wachache tangu mwanzo. Pili, matukio ya miongo ya karibuni, yaani vita, mauaji ya raia na ugonjwa wa Ebola, yaliongeza mzigo wa ulezi kuliko ilivyokuwa katika sehemu nyingi za nchi.

2.0 Mshahara na posho: zama za ukoloni

Butembo ilikua kutokana na uchimbaji wa dhahabu wa kampuni ya Minière des Grands Lacs, pamoja na mashamba ya walowezi yaliyoenea katika nyanda za juu za Lubero na mabonde ya Beni: kahawa, chai na kwinini. Wamisionari wa shirika la Assomption, waliofika mwaka 1929, waliongeza shule na zahanati. Katika sehemu zote hizi aliyeandikwa katika daftari la kazi alikuwa mwanamume. Mke wake alijulikana kwa mwajiri kupitia posho, yaani chakula ambacho mfanyakazi alipewa kwa ajili yake na jamaa yake. Posho ilikuwa ni kukiri kwa namna fulani kwamba nyuma ya mtu wa mshahara kuna mtu mwingine amlishaye na kumlelea watoto. Lakini ukiri huo ulikoma pale mkataba ulipokoma.

Tarehe 6 Juni 1956 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilitoa dekreti iliyoanzisha pensheni ya uzeeni kwa wafanyakazi wa Kongo, na hazina maalumu ikaundwa kwa ajili hiyo. Kabla ya hapo kulikuwa na mipango ya fidia kwa walioumia kazini. Msingi wa mpango huo mpya ulikuwa mchango uliokatwa katika mshahara na kuongezewa na mwajiri. Msingi huo haukubuniwa kwa ajili ya Kongo. Ulitoka Ulaya ya viwanda, ambako mfanyakazi alidhaniwa kuwa ni mwanamume anayeajiriwa tangu ujana hadi uzee bila ya kukatiza, huku mkewe akitunza nyumba. Dhana hiyo ilipohamishiwa nyanda za Lubero ilikuwa ngeni mara mbili. Wanaume wengi waliingia katika ajira kwa vipindi na kurudi mashambani. Wanawake, ambao ndio waliokuwa nguzo ya kilimo cha chakula, hawakuingia katika ajira hiyo isipokuwa wachache mno, hasa wauguzi na walimu wa misheni.

3.0 Taasisi ya mwaka 1961 na hesabu yake

Mwaka mmoja baada ya uhuru, dekreti-sheria ya tarehe 29 Juni 1961 iliunganisha hazina za kikoloni na kuunda Taasisi ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, iliyojulikana kwa kifupi cha Kifaransa INSS. Taasisi hiyo ilikabidhiwa matawi matatu: pensheni, ajali na magonjwa ya kazini, na malipo ya familia. Iliwahusu wafanyakazi waliokuwa chini ya sheria ya kazi. Watumishi wa serikali, pamoja nao walimu waliolipwa na dola, walikuwa na utaratibu wao uliotegemea bajeti ya serikali.

Tawi la malipo ya familia ndilo lililogusa ulezi moja kwa moja. Hata hivyo, kwa miongo mingi tawi hilo lilifanya kazi katika Katanga peke yake, ambako makampuni makubwa ya madini yalikuwa yamelizoea tangu zama za ukoloni. Kwingineko, Kivu ikiwamo, malipo ya watoto yaliachwa mikononi mwa mwajiri mwenyewe, ayaongeze katika mshahara. Matokeo yake ni kwamba mtoto wa mchimbaji wa Lubumbashi alikuwa na taasisi nyuma yake, na mtoto wa kibarua wa shamba la chai karibu na Butembo alikuwa na hisani ya bwana shamba.

Katika tawi la pensheni, kanuni zilizotumika hadi mwaka 2018 zilitaka mwanamume awe na umri wa miaka 65 na mwanamke miaka 60. Zaidi ya umri, mwombaji alitakiwa awe na miezi 60 ya bima ndani ya robo-mwaka 40 za mwisho, yaani ndani ya miaka 10 iliyotangulia kustaafu. Kwa mtazamo wa kwanza miezi 60 si mingi. Ugumu umo katika yale maneno "za mwisho".

Tuchukue mfano wa kukadiria. Mwanamke aliyezaliwa mwaka 1948 aliajiriwa katika zahanati ya kampuni tangu mwanzo wa mwaka 1970 hadi mwisho wa mwaka 1981, na michango yake yote ikalipwa. Hiyo ni miaka 12, sawa na miezi 144. Mwaka 1982 aliacha kazi ili amtunze mtoto aliyezaliwa na ulemavu mkubwa, wala hakurudi tena katika ajira. Alipotimiza miaka 60, mwaka 2008, kipindi kilichochunguzwa kilikuwa kile cha 1998 hadi 2008. Ndani ya kipindi hicho hakuwa na hata mwezi mmoja. Mwanamume aliyeajiriwa kwa miaka 5 tu, lakini ikawa ndiyo miaka 5 ya mwisho kabla ya kustaafu, alikuwa na haki ya pensheni ya kila mwezi. Mwanamke yule mwenye miaka 12 aliweza kutazamia malipo ya mkupuo mmoja, basi.

Sheria haikusema popote kwamba inawabagua walezi. Ilihesabu tu. Lakini hesabu ikichagua miaka ya mwisho, humwadhibu aliyefanya kazi mapema akaacha ili alee. Sheria ilimpa mtu aliyewahi kuandikishwa nafasi ya kuendelea kwa hiari, kwa kujilipia mchango mwenyewe. Nafasi hiyo ilimfaa mfanyabiashara aliyeacha ajira akafungua duka. Mlezi aliyeacha mshahara hakuwa na mfuko wa kutolea mchango huo, kwa sababu kilichomtoa kazini ndicho kilichomkausha mfuko.

4.0 Haki ya mke na sahihi ya mume

Njia iliyobakia kwa wanawake wengi ilikuwa kupata haki kupitia kwa mume: mume akifa, mjane na yatima walistahili pensheni ya waliobakia. Njia hii ilihitaji hati. Mjane alitakiwa athibitishe ndoa na kuzaliwa kwa watoto. Ndoa nyingi za Wanande, kama za makabila mengine ya nchi, zilifungwa kwa mila, mahari yakatolewa mbele ya wazee, na wengi hawakufika kwa ofisa wa hali ya raia ili ndoa iandikishwe. Mjane wa namna hiyo alikuwa mke mbele ya ukoo mzima, na mgeni mbele ya dirisha la ofisi.

Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 iliongeza tatizo jingine. Kifungu chake cha 448 kilimtaka mwanamke aliyeolewa apate idhini ya mumewe kwa kila tendo la kisheria ambalo lilimfunga kutoa huduma yeye binafsi. Mkataba wa kazi ni tendo la namna hiyo. Kwa hiyo mlango wenyewe wa kuingilia katika miezi ya bima ulikuwa na ufunguo, na ufunguo huo ulikuwa mkononi mwa mtu mwingine. Mwaka huohuo wa 1987 Zaire iliridhia Mkataba Na. 102 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu viwango vya chini vya hifadhi ya jamii. Nchi iliahidi mbele ya mataifa hifadhi ya uzeeni, na ndani ya mwaka huohuo ikaidhinisha sheria iliyomzuia mke asiifikie hifadhi hiyo kwa uamuzi wake mwenyewe.

5.0 Kuporomoka kwa fedha, vita na maradhi

Hata waliokuwa na haki kamili waliiona ikiyeyuka. Katika miaka ya 1990 bei zilipanda kwa kasi isiyowahi kuonekana. Mwaka 1994 mfumuko wa bei ulizidi asilimia 9,000. Mwezi wa Oktoba 1993 zaire mpya moja ilichukua mahali pa zaire za zamani 3,000,000. Mwaka 1998 faranga moja ya Kongo ilichukua mahali pa zaire mpya 100,000. Ukizidisha, faranga moja ilisimama mahali pa zaire za zamani bilioni 300. Mchango uliokatwa katika mshahara wa mwaka 1975 haukuweza kununua chochote mwaka 1998. Katika shule, wazazi walianza kuwalipa walimu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa kuwa serikali iliacha kuwalipa ipasavyo. Mwalimu aliyefikia umri wa kustaafu alibaki darasani, maana nje ya darasa hakukuwa na kitu.

Kati ya mwaka 1999 na 2003 Beni na Butembo zilikuwa chini ya utawala wa waasi wa RCD/K-ML, mbali na mamlaka ya Kinshasa. Kwa mtu aliyetegemea ofisi ya taifa, miaka hiyo ilikuwa ni miaka ya kukatika kwa mawasiliano na kupotea kwa hati. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia katika wilaya ya Beni, ambayo kundi la ADF limehusishwa nayo, yalizalisha yatima, wajane na walemavu wapya. Kisha, tarehe 1 Agosti 2018, ilitangazwa huko Mangina kwamba Ebola imeingia. Ugonjwa ulienea Beni, Butembo na Katwa, na hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 watu 3,470 walikuwa wameambukizwa, na 2,287 kati yao walifariki. Zaidi ya nusu ya waliougua walikuwa wanawake. Jambo hili halikuwa la bahati: anayeuguza ndiye anayegusa jasho na damu ya mgonjwa, na katika nyumba za Beni na Butembo anayeuguza ni mama, dada au nyanya.

Watoto waliobakia walichukuliwa na jamaa. Nyanya mwenye miaka 60, ambaye kwa desturi angekuwa amefika umri wa kulelewa, alianza upya kulea. Hapa ndipo mpango wa asili wa pensheni ulipovunjika. Katika jamii za nyanda hizi, kama katika jamii nyingi za Afrika, mtoto aliyelelewa alikuwa na deni la kumlea mzazi wake uzeeni. Kitenzi kulea chenyewe chafaa pande zote mbili, kwa mtoto na kwa mzee. Vita na maradhi vilipoua kizazi cha kati, mlezi alibaki na wajibu wa kulea wala asibaki na wa kumlea.

Watu hawakukaa bure. Vikundi vya likelemba, ambamo wanachama huchanga na kupokezana, na vile vya muso, yaani umoja wa kusaidiana na kukopeshana, vilienea sokoni na makanisani. Vikundi hivi husaidia wakati wa msiba, ugonjwa au ada ya shule. Lakini navyo vimejengwa juu ya mchango. Mwanamke asiyeweza kwenda sokoni kwa sababu ana mtoto asiyejiweza nyumbani hukosa fungu lake, na baadaye hukosa kikundi. Kanuni ya INSS yajirudia chini ya mwembe.

6.0 Sheria za mwaka 2016 na zilizofuata

Tarehe 15 Julai 2016 zilitiwa sahihi siku moja sheria mbili zinazohusika hapa. Sheria Na. 16/008 ilirekebisha Sheria ya Familia na kuondoa idhini ya mume, ikaweka mapatano kati ya wanandoa. Sheria Na. 16/009 ilipanga upya hifadhi ya jamii, na mwaka 2018 INSS ikawa Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, CNSS. Mchango ulifikia asilimia 18 ya mshahara: mfanyakazi asilimia 5, mwajiri asilimia 13. Kati ya hizo, asilimia 6.5 zilielekezwa katika tawi la familia, ambalo sasa lilitoka nje ya mipaka ya Katanga. Hiyo ilikuwa ni hatua kubwa kwa Kivu ya Kaskazini. Kwa mara ya kwanza mimba, uzazi na mtoto wa mfanyakazi wa Butembo viliingia katika hesabu ya taifa zima.

Katika tawi la pensheni umri ulisawazishwa kuwa miaka 60 kwa wote. Sharti la miezi 60 ndani ya miaka 10 ya mwisho liliondoka, likaja sharti la miezi 180 ya bima, yaani miaka 15. Tuurudie mfano wetu kwa mwanamke wa kizazi cha baadaye mwenye miezi ileile 144. Mtego wa miaka ya mwisho haumpati tena. Lakini amepungukiwa miezi 36. Mtu aliyekuwa mbali na haki kwa sababu ya wakati alioufanyia kazi, sasa yu mbali nayo kwa sababu ya wingi. Laiti miaka 3 tu ya ulezi wake ingehesabiwa, angevuka.

Kuhusu watumishi wa serikali, hazina yao, CNSSAP, iliundwa kwa dekreti ya Desemba 2015. Kuhusu watu wenye ulemavu, Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa mwaka 2015, na Sheria ya Kiorganiki Na. 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 ikathibitisha ulinzi na uendelezaji wa haki zao. Sheria hiyo, kama jina lake linavyoeleza, mhusika wake ni mtu mwenye ulemavu. Anayembeba mgongoni hadi zahanati ni mhusika wa sheria nyingine, ile ya pensheni, nayo humjua pale tu anapokuwa na mshahara.

7.0 Mizani ya kulinganisha

Si lazima mambo yawe hivyo. Uingereza ilikuwa na tatizo lilelile, kwani mpango wake wa miaka ya 1940 ulimwona mke kuwa tegemezi wa mume. Sheria ya mwaka 1975, iliyoanza kutumika Aprili 1978, ilileta kinga ya majukumu ya nyumbani: mwaka mzima wa kulea mtoto wa chini ya miaka 16, au kumtunza mtu mwenye ulemavu, uliondolewa katika idadi ya miaka iliyotakiwa kwa pensheni ya msingi. Mwaka 2010 kinga hiyo ilibadilishwa ikawa stahili ya kila wiki inayoandikwa katika daftari la mlezi. Ufaransa ilianza bima ya uzee ya akina mama wa nyumbani mwaka 1972, na Ujerumani ikaanza kuhesabu miaka ya kulea watoto mwaka 1986.

Kisa cha Uingereza kina funzo jingine lifaalo kwa Kongo. Kinga ilitegemea fomu za malipo ya watoto, na fomu nyingi za kabla ya mwaka 2000 hazikubeba namba ya bima ya mama. Miaka mingi baadaye iligunduliwa kwamba wanawake wengi walikuwa wakilipwa pungufu kwa sababu miaka yao ya ulezi haikuwahi kuandikwa. Ikiwa nchi yenye ofisi na mafaili iliwapoteza walezi wake, nchi ambayo ndoa na vizazi vyake vingi havijaandikishwa itawapoteza zaidi.

Majirani walichukua njia nyingine. Ng'ambo ya mpaka wa Kasindi, kwa Wakonjo ambao ni ndugu wa Wanande kwa lugha na asili, Uganda ilianza mwaka 2010 mpango wa ruzuku kwa wazee, wa shilingi 25,000 kwa mwezi, ambao baadaye ulipanuliwa nchini kote kwa waliofikia miaka 80. Zanzibar ilianza Aprili 2016 pensheni jamii ya shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mkazi aliyetimiza miaka 70. Fedha hizi ni kidogo. Lakini anayezipokea haulizwi alitumika miezi mingapi. Huulizwa umri wake.

8.0 Hitimisho

Historia iliyopitiwa hapa yaonyesha kwamba kila badiliko la sheria nchini Kongo lilifungua mlango mmoja na kuacha mwingine umefungwa. Mwaka 1961 uliunganisha hazina, ukaacha malipo ya familia Katanga. Mwaka 2016 uliyaleta malipo hayo Kivu na kumpa mke sahihi yake, lakini ukaongeza idadi ya miezi mara tatu. Katika safari yote hiyo fasili ya kazi katika pensheni haikubadilika: kazi ni ile yenye mshahara na mchango.

Mambo mawili yafuata kutokana na hayo. Kwa wachache walio katika ajira, wauguzi, walimu na watumishi wa mashirika ya Butembo na Beni, njia ni kuhesabu miezi ya ulezi ndani ya ile miezi 180, nayo iandikwe wakati ulezi unapofanyika, isingoje uzee. Kwa walio wengi, ambao hawajawahi kuwa na mwajiri, kuhesabu miezi hakuna maana. Hao watafikiwa kwa pensheni ya umri kama ile ya Zanzibar au Uganda, au hawatafikiwa kabisa. Kuchanganya makundi haya mawili ndiko kulikofanya mijadala mingi ya hifadhi ya jamii izunguke bila ya kufika.

Wanafunzi wa Kiswahili nao wana sehemu yao. Fomu na matangazo ya CNSS yatakapoandikwa kwa Kiswahili, mfasiri atalazimika kuchagua neno la kumtaja mwanamke anayemtunza mtoto asiyejiweza. Akiandika kwamba hatumiki, atakuwa amemaliza shauri kabla halijasikilizwa.